Mwachieni msitu uyoga wake

Haya ni maneno niliyoyasema Tabora mjini mwishoni mwa Oktoba, kwenye mkutano wa vikundi vyetu vya kuweka na kukopa. Walioshindwa kufika, wengine wakiwa shambani na wengine msibani, wameomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, mwangaluka! Na ninyi vijana mliobaki nje na baiskeli zenu, ingieni, kivuli kinatosha. Mimi ni mwalimu mstaafu. Sauti iliyobaki ni kidogo, sipendi kuimaliza kwa kupiga kelele.

Naanza na swali. Nani hapa hajawahi kula uyoga? Anyooshe mkono. Hakuna. Nilijua. Mtu aliyekulia Sikonge, Urambo, Kaliua au hapa Uyui ameujua uyoga kabla hajajua kusoma. Mvua za Novemba zikishika, kando ya barabara mnaona mabeseni na ndoo, na watoto nyuma yake wanapunga mikono. Ukiungwa kwa karanga, ugali uliopikwa hautoshi.

Swali la pili. Nani hapa amewahi kuupanda? Naona mikono miwili, na mmoja ni wangu.

La tatu msinijibu, jijibuni wenyewe. Mpunga ukishapurwa kule Igunga na Nzega, majani yake huwa tunayafanya nini? Na mabua ya mahindi? Tunatia kiberiti. Moshi unapanda, tunasema tumesafisha shamba. Ndugu zangu, tunachoma chakula cha uyoga, halafu mvua ikinyesha tunakwenda msituni kuutafuta uyoga. Hilo ndilo lililonileta leo.

Nilipoolewa nililetwa nyumba ya mwisho ya kijiji, nyuma yake msitu wa mitundu na miyombo. Mvua ya pili au ya tatu ya msimu, uyoga wa manjano ulitapakaa chini ya miti ile kama mtu aliyemwaga bisi. Nami nikajiona mjanja. Kwa nini nitembee wakati bustani ipo mlangoni? Nikachukua jembe, nikauchimbua pamoja na udongo wake, beseni zima, nikaupanda kwenye tuta la mchicha. Nikaumwagilia asubuhi na jioni. Mama mkwe wangu alikuwa barazani anamenya karanga, ananitazama, hasemi neno. Siku ya tatu uyoga wote umeoza. Ndipo akafungua kinywa: "Mwanangu, mtoto umemtoa kwenye ziwa ukamlaza kitanda kizuri. Atanyonya nini?"

Yule bibi hakusoma hata darasa moja, lakini alikuwa sahihi kabisa. Uyoga ule unanyonya. Chini ya ardhi una nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinaivika mizizi ya mtundu kama soksi. Mti unatengeneza sukari kwa jua na majani yake, unaugawia uyoga. Uyoga nao unapeleka nyuzi zake mbali, kwenye vinyweleo vya udongo ambako mzizi haufiki, unauletea mti maji na madini. Ni ndoa. Ukimchukua mmoja ukamwacha mwenzake, umechukua maiti.

Miaka michache baadaye nikaiona ndoa ile ikivunjwa kwa upande wa pili. Jamaa yetu alikata sehemu ile ya msitu, kuni za bani la kukaushia tumbaku. Msininunie, wenye tumbaku. Wanangu nao wamesomeshwa kwa tumbaku. Mvua zikaja vizuri tu mwaka ule. Watoto wakaenda na ndoo, wakarudi na ndoo tupu. Pakasemwa maneno mengi, mpaka ya kurogana. Hakuna aliyeroga. Mama alikatwa, mtoto akafa njaa.

Kwa hiyo akija mtu na chupa, akakwambia anauza mbegu ya uyoga wa manjano wa miombo uupande kwenye bustani yako, mpe maji ya kunywa, mpe pole ya safari, pesa usimpe. Uyoga ule tunaulinda kwa kuiacha miti imesimama. Njia nyingine sisi hatuna.

Nasikia mama mmoja pale anauliza: na ule wa kichuguuni? Mama, swali lako lina utamu. Nilikuwa nalisubiri.

Ule una mkulima wake tayari, na mkulima huyo anaitwa mchwa. Mchwa hawezi kusaga ukuni peke yake. Anakusanya vijiti na majani makavu, anatafuna, anajenga ndani ya kichuguu kitu kama sega la nyuki, na humo anaotesha uyoga. Uyoga unalainisha kuni, mchwa anakula. Mvua ikiloanisha ardhi, uyoga unasukuma shina refu mpaka juu, na ndio huo mnaoukimbilia alfajiri. Kwa jirani zetu wa Zambia unamea wa aina hiyo ambao mwavuli wake unaweza kufika mita 1 kwa upana. Mtoto anaweza kujikinga nao mvua.

Sasa sikilizeni. Mwaka 2016 wanasayansi walitoa taarifa ya viota vya mchwa vilivyogeuka mawe, walivyovikuta kwenye bonde la Rukwa. Rukwa hii, siyo ya mbali. Ndani ya viota mlikuwa na bustani za uyoga, nazo zimegeuka mawe zikiwa pale pale zilipolimwa. Umri wake? Karibu miaka milioni 25. Binadamu hayupo, jembe halipo, Tabora haipo, na mchwa wa Rukwa analima uyoga!

Wapo waliojaribu kumnyang'anya kazi hiyo, wakaulime wenyewe bila yeye. Hadi leo uyoga wa kichuguuni unatoka mikononi mwa mchwa. Lakini darasa lake ni la bure, nami nilikaa mbele. Mchwa analima gizani. Anatunza unyevu usipande wala kushuka. Halafu anapalilia: kuvu mgeni akiingia, anang'olewa mapema. Kichuguu kikihamwa, haichukui muda bustani ile inavamiwa na kuvu wengine. Mkulima akilala, shamba si lake.

Basi tunabaki na uyoga wa aina ya tatu. Huu hauna mume wala hauna mchwa. Ni mla mabaki. Unakula kilichokufa: majani ya mpunga, mabua, maranda ya seremala, maganda ya mahindi. Huu ndio unaokubali kuishi bustanini kwako. Nitasema juu ya wawili tu. Mmoja ni uyoga mamama, ule unaojipanga kama masikio, mnauona mijini kwenye vipakiti. Wa pili ni uyoga wa majani ya mpunga, unaoanza kama yai dogo la njiwa. Huu wa pili, kusini mwa China, mkoa wa Guangdong, wanaulima kwenye matuta ya nje tangu karne ya 19 au kabla yake. Mtu mwenye majani ya mpunga, kivuli, maji na joto hana anachowaonea wivu Wachina. Sisi tumekosa nini?

Nikaanza. Na hapa niwaambie ukweli, kwa sababu kwenye semina nyingi mtu anaeleza mavuno, hasemi alivyoaibika.

Tuta langu la kwanza nililitandika chini ya mwembe, moja kwa moja juu ya ardhi. Majani nimeyaloweka, nimeyafunga matita, nimeyapanga vizuri mpaka majirani wakaja kutazama. Asubuhi ya nne nafunua nailoni: tuta limekonda. Asubuhi ya sita limebaki ganda la udongo. Mchwa! Mwalimu wangu mwenyewe alikuja usiku akabeba majani yangu kwenda kwenye bustani yake. Nilicheka nikiwa na machozi. Tangu siku ile tuta langu linakaa juu ya tofali, nailoni chini, na pembeni nazungushia majivu, nikiyabadilisha kila yakilowa. Dawa ya wadudu siweki, nanyi msiweke. Uyoga unafyonza kila kinachouzunguka, kisha unakuja kwenye sahani yako. Kwa sababu hiyo hiyo tuta lisiwe kando ya lami, wala pale mnapotupa betri za tochi.

Tuta la pili liliuawa na mbegu. Msidhani mbegu ya uyoga ni kama ya mchicha. Ni nafaka, mara nyingi mtama au ngano, iliyochemshwa, ikatiwa kwenye chupa, nyuzi za uyoga zikaachwa zitambae mpaka kila punje ivae sufi nyeupe. Ni kitu kilicho hai kama kifaranga. Mimi niliagiza Dar es Salaam, chupa zikasafiri kwenye buti la basi usiku na mchana. Zilipofika nilizinusa, zina uchachu kama togwa la siku tatu, na kwenye shingo za chupa pana ukijani. Nilijua zimeharibika. Lakini pesa inauma, jamani. Nikazipanda hivyo hivyo. Tuta zima likawa kijani kama kwapa la ukuta wa choo. Mbegu nzima ni nyeupe na inanukia uyoga mbichi. Ukiona kijani, cheusi au rangi ya chungwa, zika mbali na bustani.

La tatu likakubali. Nieleze ninavyofanya, na mwenye kalamu aandike.

Majani ya mpunga yawe ya msimu huu, makavu, rangi ya dhahabu, yasiwe yamenyeshewa shambani yakaota kuvu. Nayafunga matita ya unene wa mkono wa mtu mzima, nayalowesha usiku kucha kwenye pipa. Asubuhi natoa, nayaacha yachuruzike mpaka nikikamua kwa nguvu yanadondosha matone machache tu. Tuta lina upana wa mita 1, ili mkono wangu ufike katikati kutoka kila upande bila kulikanyaga. Napanga safu ya kwanza, vichwa vya matita vielekee huku. Namwaga mbegu pembezoni, vidole vinne kutoka ukingoni, na kunyunyiza pumba laini kidogo. Safu ya pili vichwa vielekee kule. Hivyo hivyo mpaka safu nne. Kisha naosha miguu kwa sabuni na kupanda juu, nalishindilia. Tuta lililolegea linakauka, halishiki joto. Halafu nafunika kwa nailoni.

Ndani litapata moto lenyewe, kama samadi mbichi. Uyoga huu unapenda hivyo, nyuzi zake hukimbia vizuri kwenye nyuzi joto 30 hadi 35. Siku ya nne au ya tano nainua nailoni kwa vijiti, hewa ipite. Tuta likikauka juu, nanyunyiza kwa keni yenye matundu madogo, mkono mwepesi. Karibu siku ya kumi unaona vitone vyeupe kama punje za mtama. Usivimwagie maji vikiwa vidogo, vitaoza. Baada ya siku chache vinakuwa mayai, na hapo hakuna kusafiri wala kwenda harusini, kwa sababu yai la asubuhi likipata jua la mchana linapasuka na kuwa mwavuli, bei nayo inapasuka. Vuna asubuhi, vuna jioni.

Mavuno ni kiasi gani? Sitawadanganya. Kilo 100 za majani makavu zitakupa kilo 10 hadi 15 za uyoga huu, ukiwa makini. Wenye pamba Igunga mnisikilize: mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakulima wa Hong Kong waliacha majani ya mpunga wakatumia taka za viwanda vya pamba, na mavuno yakapanda sana. Taka hizo tunazo, tunazikanyaga.

Kosa moja zaidi kabla sijasahau. Uyoga wa majani ya mpunga usiuweke kwenye friji. Wangu wa kwanza niliuhifadhi humo nikingoja siku ya gulio, nikakuta ute. Baridi inauyeyusha, na mbegu yake pia inakufa kwa baridi. Ni uyoga wa joto, acha akae kikapuni penye kivuli, auzwe siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo usiku wa Juni na Julai, mnaujua, ule wa kulala na blanketi mbili, huu haufai. Msimu huo nalima mamama. Wenyewe ni mpole, unakubali hata mabua ya mahindi na maranda, na kwa kilo 100 za mabua makavu mwenye mkono mzuri anavuna kilo 50 na kuendelea. Shida yake ni kwamba chakula chake lazima kwanza kisafishwe, maana kuvu wa kijani anakimbia kuliko yeye. Wengi wanachemsha kwenye pipa saa moja au mbili. Nami nilichemsha, mpaka siku moja nikajitazama nikipasua ukuni wa mtundu ili nilime uyoga. Nikajiona mjinga. Siku hizi nakata mabua urefu wa kidole, nayalowesha kwenye maji ya chokaa usiku kucha, nayachuja vizuri, napanda. Mvae glavu, chokaa inachubua. Natandika kwenye mfereji mfupi wenye nailoni chini, chini ya migomba, nafunika wiki tatu hivi mpaka kote kuwe kweupe. Nikifunua, nafunika tena kwa magunia mabichi, yenye nafasi ya hewa na mwanga kidogo. Ukiona mashina marefu na masikio madogo, unalalamika kwamba hewa haitoshi. Kuku wafungiwe. Koa na konokono naokota mwenyewe usiku kwa tochi.

Wazee, sasa nibadilishe sauti kidogo.

Kwenye tuta lako atakuja mgeni. Mara nyingi ni uyoga mwembamba wa kijivu unaoyeyuka kuwa wino mweusi. Wengine huwezi kuwajua. Kwenye tuta, usile usichokipanda. Na mwenye kulima uyoga wa majani ya mpunga amfundishe mtoto wake kwamba yai la tuta na yai la msituni si ndugu hata kama wanafanana. Mkesha wa kuamkia mwaka 2012, kule Canberra, Australia, uliokotwa uyoga chini ya miti ukapikwa kwa chakula cha sikukuu. Ulifanana na ule wa majani ya mpunga wanaoujua Wachina tangu utoto. Watu 2 wakafa. Waliokula hawakuwa wajinga. Walikuwa na uzoefu wa nchi nyingine.

Sumu ya namna ile haifi kwa kuchemshwa. Unaweza kukaa saa 6, saa 12, hata siku nzima hujasikia kitu, uanze kutapika na kuhara, upate nafuu, useme nimepona, na kumbe ini linaharibika kimya kimya. Na yale mambo ya kutia mchele au kitunguu uone kama kinabadilika rangi? Au kusema mdudu amekula basi ni salama? Nawaomba, kwa heshima ya bibi zetu waliotufundisha mengine yote, hili tuliache. Bibi zetu walinusurika kwa kuujua kila uyoga kwa jina na kwa mti wake. Mchele haukuwa na kazi hapo. Mtu akidhurika, hospitali mara moja, na uyoga uliobaki mwende nao.

Upande wa soko nitasema machache. Uyoga mbichi ni maji, karibu kilo tisa katika kila kumi, hivyo anayekwambia ni nyama kamili anakuuzia maneno. Ni mboga nzuri, ukikauka una protini ya kutosha. Anza na tuta moja, ulishe nyumba, jirani anuse, ndipo uhesabu pesa. Anayekuuzia mbegu huku akiahidi kununua mavuno yako yote, mwombe ahadi hiyo kwenye karatasi. Mimi niliahidiwa, simu ikazimwa wiki ya mavuno, nikabaki na mabeseni.

Lakini ndiyo siku niliyokumbuka kwamba mimi ni mtu wa Tabora. Unajua kuanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu? Basi unajua kuanika uyoga. Mamama nauchana vipande, naupanga kwenye mkeka juu ya kichanja, ule upande wenye mistari kama kurasa za kitabu nikiuelekeza juani, kwa sababu jua linatengeneza vitamini D ndani yake. Ukikatika kwa kulia kama kijiti, unafungwa. Ule wa mabeseni tuliula mpaka Desemba.

Na tuta likichoka? Majani yaliyobaki, meusi, laini, ndiyo nimeyatia kwenye maboga yangu, na maboga hayo mliyaona mlangoni mkiingia.

Nimesema sana. Pale chini ya mwembe nimeweka chupa tatu za mbegu, mbili nzima na moja imeharibika. Sitasema ni ipi. Tazameni, nuseni, kila mmoja aje kuninong'oneza jibu lake. Ndoo ya maji na sabuni iko mlangoni. Hakuna kushika chupa kabla ya kunawa.